Faida ya Kuimba na Kupiga Ngoma kwa Pamoja

Kijana atokaye shamba kwenda mjini kutafuta kazi hukuta mambo mengi yaliyo mageni kwake, na katika hayo liko moja ambalo aghalabu halifikirii mpaka limfikie. Kule kwao, akiugua, jirani humletea uji. Akifa, watu wa kijiji kizima huacha majembe yao na kuja kumchimbia kaburi. Mjini amepanga chumba kimoja katika nyumba yenye vyumba kumi, na mtu wa chumba cha pili hajui hata jina lake. Akiugua, ni nani atakayemwangalia? Akifa, ni nani atakayepeleka habari kwao, na ni nani atakayetoa fedha za sanda au za jeneza?

Swali hili si jipya. Watu wa Afrika ya Mashariki walianza kulijibu zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na jibu mojawapo walilolipata lilitoka mahali ambapo wengi hawakutazamia, yaani katika ngoma. Katika makala hii twataka kueleza jinsi watu waimbao au wapigao ngoma pamoja wanavyojifunza kusaidiana katika mambo mengine ya maisha, kwa nini jambo hilo hutokea, na ni hatari zipi zifaazo kuepukwa.

Vyama vya Beni

Katika miaka ya 1890 ilizuka katika miji ya pwani ya Kenya, kama vile Lamu na Mombasa, ngoma mpya iliyoitwa beni. Jina hilo limetokana na bendi, kwa maana wachezaji waliziiga bendi za askari: walivaa sare, wakapanga mistari, wakatembea kwa hatua moja, na kupiga matarumbeta na ngoma kubwa. Walijipa vyeo pia. Walikuwako wafalme, majemadari na makanali, na wanawake nao walikuwa na vyeo vyao.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, tangu 1914 hadi 1918, askari na wapagazi waliichukua beni mpaka bara. Vita vilipokwisha ilikuwa imeenea katika Tanganyika, na ikafika Nyasaland, ambayo sasa ni Malawi, na Rodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia. Katika Tanganyika vilivuma vyama viwili vikubwa, Marini na Arinoti, ambavyo vilikuwa na matawi katika miji mingi.

Wakubwa wa serikali za wakati ule waliziangalia ngoma hizi kwa mashaka. Wengine walicheka kuona watu wakijiita majemadari, na wengine waliogopa kwamba nyuma ya matarumbeta kulikuwa na shauri la siri. Lakini aliyetazama kwa makini aliweza kuona jambo jingine. Mwanachama akiugua, wenzake walimchangia. Akifa, walimzika kwa heshima. Na akisafiri kwenda mji asioujua, aliweza kwenda kwa watu wa chama chake wakampokea kama ndugu, ingawa hawakuwa kabila moja wala hawakuwa wamepata kumwona hapo kwanza. Hivyo yule kijana mgeni tuliyemtaja alipata watu wa kuzikana nao.

Kwa Nini Ngoma?

Msomaji anaweza kuuliza, "Kwani kuna haja gani ya ngoma? Watu hawawezi kukutana tu, wakaandika majina yao na kuchanga fedha?" Wanaweza, na wengi hufanya hivyo. Walakini vyama vingi vya namna hiyo hufa upesi, kwa sababu watu hukutana wakati wa shida tu, na mtu asiyejulikana vema ni vigumu kumwamini na fedha.

Chama cha ngoma au kwaya ni tofauti. Watu wake hukutana kila juma, wawe na shida au wasiwe nayo, kwa kuwa wimbo haujifunzwi kwa siku moja. Hukutana kwa furaha, na mtu haitiwi mara mbili kwenye furaha. Tena kila mmoja ana kazi yake ambayo mwingine hawezi kumfanyia bila watu kujua. Mpiga ngoma asipofika, pengo lake husikika. Mwimbaji wa sauti ya chini akikosekana, wimbo mzima huyumba. Ndipo watu huulizana, "Fulani yuko wapi leo?" na mmoja hutumwa nyumbani kwake kumtazama. Kwa njia hiyo mgonjwa hujulikana kabla hajazidiwa, na aliyefukuzwa kazi hujulikana kabla hajalala njaa.

Kuimba pamoja humfundisha mtu mambo mawili kwa wakati mmoja, kutoa sauti yake na kusikiliza ya wenzake. Mwenye sauti kubwa hana budi kuipunguza, asije akawafunika wengine. Mwenye haya hujipa moyo kwa kuwa hayuko peke yake. Mwimbishaji huanza na wote wakaitikia, lakini yeye mwenyewe hawezi kuendelea mpaka waitikiaji wamalize sehemu yao. Na huyo aliye kiongozi katika wimbo huu huwa mwitikiaji katika wimbo ufuatao. Mtu aliyezoea mambo hayo uwanjani hapati taabu sana kuyafuata katika mkutano wa kijiji au katika halmashauri ya shule.

Maneno ya Wataalamu

Wataalamu wa siku hizi wamelichunguza jambo hili kwa majaribio. Katika mwaka 2010 ilitangazwa habari ya jaribio lililofanywa na wataalamu wa Leipzig, Ujerumani, kwa watoto wa miaka 4. Watoto waliwekwa wawili wawili katika mchezo. Baadhi yao walicheza kwa kuimba na kupiga hatua pamoja, na wengine walicheza mchezo ule ule pasipo muziki. Baadaye mmoja wa watoto alipatwa na mkasa mdogo uliopangwa na wataalamu: golori alizokuwa akizichukua zilimwagika chini. Ilionekana kwamba watoto waliokuwa wameimba pamoja walisaidiana zaidi kuliko wale wengine.

Katika Uingereza, wataalamu wa Oxford, akiwamo Robin Dunbar, walitangaza mwaka 2015 uchunguzi wao juu ya watu wazima waliojiandikisha katika madarasa mapya. Wengine walijifunza kuimba, wengine kazi za mikono, na wengine kutunga hadithi. Mwisho wa miezi 7 watu wa madarasa yote walikuwa wamekuwa marafiki kwa kadiri iliyokaribia kulingana. Tofauti ilionekana mwanzoni, kwa kuwa waimbaji walizoeana upesi kuliko wengine wote.

Hili la pili lafaa kuangaliwa sana. Halisemi kwamba bila wimbo watu hawawezi kupendana. Lasema kwamba wimbo huwahi kufungua mlango. Mahali penye wageni wengi, kama mjini, au penye watu waliogombana, kuwahi huko ni faida kubwa, kwa sababu watu wasiozoeana mapema aghalabu hawarudi mara ya pili.

Jembe na Ngoma Katika Usukuma

Tusidhani kwamba mambo haya ni ya mjini tu. Katika nchi ya Wasukuma, kusini mwa Ziwa Viktoria, viko vyama viwili vya ngoma vilivyo mashuhuri, Bagika na Bagalu. Wazee husema kwamba vilianzishwa katika karne ya kumi na tisa na waganga wawili waliokuwa wakishindana, Ngika na Gumha. Baada ya mavuno, wakati ghala zimejaa na kazi imepungua, wafuasi wa pande hizo mbili hushindana kwa ngoma mbele ya watu wengi, na upande uvutao watazamaji wengi ndio ushindao.

Lakini ngoma ya Wasukuma haikungoja mavuno tu, bali ilifuatana na kilimo chenyewe. Walikuwako wakulima waliokwenda pamoja kulima shamba la mmoja wao, kisha la mwingine, huku wakiimba, na majembe yakipanda na kushuka kwa mlio wa ngoma. Ngoma iitwayo bugobogobo, ambayo huchezwa na majembe mikononi, ilitokana na kazi hiyo.

Mkulima yeyote anajua sababu. Kulima peke yako toka asubuhi mpaka jua la mchana ni adhabu, na kila ufikapo mwisho wa mstari unatafuta kisingizio cha kupumzika. Wakilima watu ishirini kwa wimbo mmoja, mapigo ya ngoma humchukua hata aliyechoka, na mvivu hujulikana mara moja kwa kuwa jembe lake huchelewa. Shamba la mjane au la mgonjwa, ambalo lingebaki pori, huweza kulimwa kwa siku moja. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Wanawake wa Ngoma Wawa Viongozi

Mfano ulio mkubwa kuliko yote twaupata kwa wanawake. Katika miji ya pwani, tangu Mombasa hata Dar es Salaam na Unguja, walikuwako wanawake waliojiunga katika vyama vya ngoma, kama vile lelemama. Kila chama kilikuwa na viongozi wake, sare zake na michango yake. Walisaidiana katika arusi na katika matanga. Watu wengi waliona kuwa huo ni mchezo wa wanawake usio na maana.

Katika Mombasa, wanawake waliotoka katika vyama vya lelemama walianzisha, katika miaka ya 1950, vyama vya kuwaendeleza wanawake wa Kiislamu na kuhimiza elimu ya wasichana. Ustadi wa kuitisha mkutano, kutunza fedha na kuwapatanisha wagombanao walikuwa wameupata tayari katika ngoma.

Katika Dar es Salaam alikuwako mwanamke aliyeitwa Bibi Titi Mohamed, aliyezaliwa mwaka 1926. Yeye alikuwa mwimbaji wa chama cha ngoma kilichoitwa Bomba. Chama cha siasa cha TANU kilipoundwa Julai 1954, wanawake walikuwa wachache sana ndani yake. Mwaka uliofuata Bibi Titi alikabidhiwa kazi ya kuwaingiza wanawake katika chama. Hakuanza kwa kuhutubia uwanjani. Alikwenda kwa viongozi wa vyama vya ngoma, mmoja baada ya mwingine, akawaomba wawakusanye watu wao. Kiongozi alipokubali, wafuasi wake walikuja pamoja naye, kwa sababu walikwisha kumwamini miaka mingi. Kabla ya mwisho wa mwaka ule wa 1955, wanawake wapatao 5,000 walikuwa wamejiandikisha, na vyama vya ngoma vikawa njia ya kupeleka habari nyumba kwa nyumba. Tanganyika ilipata uhuru wake mwaka 1961.

Na tuulize: kama asingalikuwa na vyama vile, Bibi Titi angaliwapata wapi wanawake 5,000 kwa miezi michache? Angalilazimika kubisha hodi katika kila nyumba, na katika nyumba nyingi angalijibiwa kwamba mama hana ruhusa. Lakini kwa kuwa wanawake wale walikwisha zoea kutoka, kukutana na kuchanga fedha, njia ilikuwa imefunguliwa zamani, na waliokuwa wakiiona ngoma kuwa mchezo tu hawakutambua.

Shule, Taifa na Afya

Katika Kenya, mashindano ya muziki yalianzishwa mwaka 1927, na yamekua hata yakawa tamasha kubwa la shule na vyuo. Mtoto atokaye shule ya Turkana hupata nafasi ya kusikia nyimbo za Wagiriama, na wa Kisii huweza kufundishwa ngoma ya Wakamba. Kabla ya kufika huko, kwaya hufanya mazoezi muda mrefu, na watoto hujifunza kwamba sifa au aibu itakayopatikana itakuwa ya wote.

Wimbo wa taifa wa Kenya nao ulitungwa kwa ushirikiano. Ulipokaribia uhuru wa mwaka 1963, kazi hiyo ilipewa watu watano, ambao ni Graham Hyslop, Thomas Kalume, Peter Kibukosya, Washington Omondi na George Senoga-Zake. Hawakutafuta sauti ya ugenini. Walichukua sauti ya wimbo ambao mama wa Kipokomo humbembelezea mtoto, wakautengeneza mpaka watu wa makabila yote wakaweza kuuimba kwa pamoja.

Katika Uganda, ugonjwa wa Ukimwi ulipowaogopesha watu hata jirani akamkimbia jirani, shirika la TASO, lililoanzishwa mwaka 1987, lilikuwa na vikundi vya watu wenye ugonjwa huo walioimba na kuigiza mbele ya watu. Aliyekuwa akijificha chumbani sasa alisimama mbele ya watu pamoja na wenzake, akaimba habari zake mwenyewe. Waliosikia walipata mafundisho, na waliokuwa wakiimba walipata ndugu. Na katika mtaa wa Korogocho, Nairobi, karibu na jaa kubwa la takataka la Dandora, watoto wamekuwa wakifundishwa kupiga fidla na tarumbeta katika okestra ya vijana iitwayo Ghetto Classics. Mtoto akaaye hapo hufundishwa kwamba asipofika mazoezini kuna watu wanaomngoja.

Hatari za Kujihadhari Nazo

Ingekuwa kosa kusifu tu. Ngoma ivumayo sana haidumu, na vyama vya ngoma vina madhara yake visipotunzwa.

Hatari ya kwanza ni mashindano yasiyo na kipimo. Beni ilipokuwa katika nguvu zake, vyama vya pwani vilishindana si kwa kucheza tu bali kwa kuchinja ng'ombe na kufanya karamu, kila upande ukitaka kuuaibisha mwingine. Walikuwako watu waliojitia katika gharama zisizowapasa kwa ajili ya sifa ya siku moja. Chama kilichoundwa ili kimsaidie mtu katika shida kikamtia katika shida.

Hatari ya pili ni kwamba kamba iwafungayo watu pamoja yaweza pia kuwatenga na wengine. Wanaoimba pamoja hupendana. Lakini kama wimbo wao wote ni wa kuwatukana watu wa mtaa wa pili, upendo wao huwa chanzo cha ugomvi.

Hatari ya tatu ni fedha. Vyama vingi vimevunjika, wala si kwa kukosa waimbaji, bali kwa sababu mweka hazina hakuweza kueleza michango ilikokwenda. Siku hizi, ambapo fedha hutumwa kwa simu, ni rahisi sana michango ya chama kuchanganyika na fedha za mtu za kununulia unga.

Shauri kwa Watakao Kuanzisha Kikundi

Ikiwa katika kijiji au mtaa wenu wako watu wapendao kuimba, hamhitaji mali nyingi ili kuanza. Chagueni siku moja ya juma na saa moja, wala msiibadilishe ovyo. Anzeni kwa nyimbo ambazo wazee wenu wanazijua, na waombeni wazee wenyewe waje kuwafundisha, ili vijana na wazee wapate mahali pa kukutana. Mpeni kila mtu kazi: asiyejua kuimba apige kayamba, asiyeweza kucheza aandike maneno ya nyimbo katika daftari.

Wachagueni mwenyekiti, mwandishi na mweka hazina, na kila baada ya mwaka mmoja wachaguliwe tena. Mchango uwe mdogo ambao hata aliye maskini aweza kuutoa, kwa maana haba na haba hujaza kibaba. Hesabu isomwe kwa sauti mbele ya wote kila mwisho wa mwezi, na fedha ziwekwe mahali ambapo mtu mmoja peke yake hawezi kuzitoa. Patanisheni tangu mwanzo ni msaada gani utakaotolewa kwa mgonjwa, kwa mzazi na kwa mfiwa, ili siku ya msiba watu wasianze kubishana mbele ya maiti.

Zaidi ya hayo, msikubali kikundi kiwe cha kabila moja au cha ukoo mmoja kama mtaa wenu una watu wa makabila mengi. Mkitaka kushindana, shindaneni na kikundi cha mtaa wa pili, kisha baada ya mashindano mle nao pamoja.

Basi, msomaji, juma hili ukisikia sauti za watu wakifanya mazoezi ya kwaya katika chumba cha shule, au vijana wakipiga ngoma uwanjani jioni, usipite kwa dharau ukisema kwamba wanapoteza wakati. Simama usikilize. Kisha, kama kuna mgeni aliyehamia karibu nawe mwezi huu, ambaye hujamjua jina, mwendee, ukamwulize kama anajua kuimba. Akisema hajui, mchukue hivyo hivyo. Kayamba haina ugumu.